Rafiki wa Udongo

Mume wangu Masatu alipofariki mwaka huu, watoto wetu waligombana na mimi kabla hata kamba za turubai la msiba hazijakazwa. Walitaka baba yao azikwe alipolala mama yake, na kati yetu tuliobaki hai ni mimi peke yangu ninayejua mama huyo amelala wapi. Nikawaambia sisemi. Mwanangu wa kwanza, ambaye ana cheo na amezoea kujibiwa, alinifuata jikoni kwangu hapa Nyakato, Musoma, akarudishia mlango, akaniuliza kwa upole wa kujilazimisha, "Mama, hujui au hutaki?" Nikamjibu sitaki, nikaendelea kuchambua mchele. Basi Masatu akazikwa kwenye makaburi ya manispaa, katikati ya watu asiowafahamu, na pale kwenye mstari wa chakula nilimsikia mama mmoja wa kanisani akimnong'oneza mwenzake kwamba uzee umeshanipanda kichwani. Uzee umenipanda magotini. Kichwani niko salama kabisa, na ndiyo maana nilikaa kimya.

Sasa turubai limeondolewa, wageni wamerudi kwao Mukendo na Bunda, na nyumba imekuwa kubwa kupita mahitaji yangu. Nimeona niuandike mwaka mmoja tu, ule mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nilipoishi ndani ya boti na mama mkwe wangu Nyanjige wakati yeye anatafuta mahali pa kuzikwa. Watoto wakiusoma wataelewa, na wasipoelewa angalau watanikasirikia wakiwa na habari kamili. Mahali penyewe sipataji hata humu.

Mimi ni mtu wa Bunda, wa pamba na vumbi, na kuogelea sijui mpaka leo. Jinsi tulivyopatana na Masatu haiwahusu watoto. Kilichonishinda kuamini wakati ule ni kwamba hakuwa na nyumba, na wala hakuitaka. Watu wake walikuwa familia chache, mchanganyiko wa Wajita, Wakwaya na Wajaluo waliooana majini mpaka wakawa kitu kimoja, na boti kwao ilikuwa ndiyo nyumba, ndiyo shamba, na Jumapili ndiyo kanisa. Mvua zikizidi waliingia mto Mara, wakapita chini ya daraja la Kirumi, wakajichimbia katikati ya mafunjo wakitega kamongo na kambare. Kiangazi kikikaza walishuka na mto mpaka ziwani, wakazunguka rasi ya Musoma, wakafuata ufuko taratibu wakiegesha hapa siku mbili, pale wiki, mpaka Mugango na visiwa vya mbele yake, wakivua furu na ningu. Mvua zikinukia wanarudi mtoni. Watu wa mjini waliwaita watu wa majini, na walikuwepo waliosadiki kwamba wana magamba mgongoni. Mimi nilikagua, hawana.

Boti yetu ilikuwa ya mbao, pana tumboni, na katikati walikuwa wamekunja fito na kuzifunika kwa mkeka wa mafunjo, hicho ndicho chumba. Mbele ya chumba palikuwa na jiko, karai pana lililoshindiliwa udongo na juu yake mafiga matatu madogo. Kuku alifungwa mguu karibu na jiko, na alikuwa amezoea mawimbi kuliko mimi. Asubuhi niliamka na harufu ya kamongo wa moshi na ugali wa udaga wa mhogo, na maji yakigonga mbao chini ya sikio langu, nikawaza kila siku kwamba leo ndiyo leo. Hofu ya kuzama nilikuja kuizoea. Heshima ndiyo iliyonitoa jasho. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni ovyo, na katika nyumba za watu jambo hilo linarahisishwa na kuta na milango na migomba ya nyuma. Kwenye boti hakuna migomba. Mzee Mafuru, baba mkwe wangu, alilimaliza kwa njia yake. Tukiwa safarini mimi nilikaa mbele nikitazama tunakokwenda, yeye nyuma akiongoza. Tukiegesha, yeye aligeuka akatazama nyuma. Akitaka kupita kuja mbele, aligonga kafi kwenye mbao, nami nikajitupia khanga kichwani mpaka agonge tena. Kwa mwaka mzima nilikijua kisogo chake kuliko uso wake, na kilikuwa kisogo cha mtu mwema.

Mkeka wa mafunjo hauzuii neno. Siku moja jioni, tukiwa bado mtoni, nilikuwa nasonga ugali upande huu na wao wanaongea upande ule, na wala hawakujisumbua kushusha sauti.

"Wegesa ameondoka," mama mkwe alisema. "Sasa mimi ni wa wapi?"

"Kuna mwanae," Mzee Mafuru akajibu.

"Mwanae amesoma. Hawa waliosoma hawajuagi mambo ya udongo."

"Tutapita tuone. Unajichosha bure, na kifua chenyewe hicho."

Kwa kifua alikuwa na maana ya ugonjwa. Nyanjige alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega ya kupiga kafi, lakini mwaka ule miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na akikunja mkeka mmoja tu ilibidi akae apumue. Huyo Wegesa sikumjua. Kesho yake, tukiwa tunapasua samaki wa kukausha, nikamuuliza mama mkwe ni nani, na kwa nini kuondoka kwake kumemfanya asiwe wa mahali.

"Sisi hatuna udongo," aliniambia bila kusimamisha kisu. "Tunakula majini, tunazalia majini. Lakini kulala moja kwa moja majini, hapana. Kwa hiyo mtu akishakua anatafutaga rafiki nchi kavu. Rafiki wa udongo. Kila mwaka ukipita unamletea samaki wa kwanza, na yeye anavua kiatu, anakuonyesha kwa mguu: wako ni hapa. Basi. Siku yako ikifika wenzako wanajua wakupeleke wapi."

Wegesa wa Mugango alikuwa rafiki yake wa udongo tangu wote wawili wakiwa wasichana. Mahali pa Nyanjige palikuwa mwisho wa shamba la mhogo la Wegesa, na kila kiangazi alipopita alipapalilia kwa mkono wake, tena alikuwa amepapandia ua wa mnyaa kuzunguka pande zote ili mbuzi wasipite. Nikamtazama huyu mtu anayepalilia kaburi lake mwenyewe huku anasimulia vichekesho. Wegesa alikuwa amefariki miezi michache kabla sijaolewa, na shamba sasa lilikuwa la mwanae, Majura.

"Na asiye na rafiki?" nikauliza.

Hapo kisu kilisimama. Aliniambia kwamba baba yake hakuwa naye. Alikuwa mtu wa maneno makali, hakuelewana na watu wa nchi kavu, akasema hana haja nao. Alipofariki walimzika kwenye mafunjo, pale ambapo mizizi imeshikana mpaka ukikanyaga unadhani ni ardhi. Mvua kubwa zilipokuja, mto ulifumua mizizi ile na kumtoa. Nyanjige alikuwa msichana mdogo, ameinama pembeni mwa boti kuteka maji ya kupikia, na yeye ndiye aliyekutana naye.

"Kufa siogopi," aliniambia. "Naogopa kurudi. Naogopa mjukuu wangu ainame kuteka maji." Kisha akaniuliza kama chumvi imebaki.

Tangu siku ile nilijua tunasafiri kwenda wapi na kwa nini. Wengine ndani ya boti walihesabu samaki na mawingu. Mimi nilimsikiliza Nyanjige anavyopumua, na nilikuwa naomba kimoyomoyo, kwa maneno ya kitoto kabisa, afike Mugango na Majura akubali.

Tulifika kiangazi kikiwa kikali, dagaa wametandazwa mchangani wanameta na watoto wanafukuza ndege. Majura alikuwa amejenga nyumba ya bati mbele ya jiko la zamani la mama yake. Alitupokea vizuri, hilo lazima niliseme. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na mkewe Ester aliwapika samaki wetu kwa nyanya na akasonga ugali laini wa kumfaa mgonjwa. Majura mwenyewe alishika birika, akamnawisha Nyanjige mikono. Tulikula tukaongea habari za mvua. Alisubiri mpaka sahani zikaondolewa.

"Mama, samaki yenu nimekula tangu sijaota meno," alisema. "Wewe siwezi nikakukataa. Ninachokataa ni kaburi."

"Kaburi ndiyo mimi, mwanangu."

"Kaburi huku kwetu ni ushahidi. Kesi za ardhi zinaamuliwaga hivyo. Wazee wanakuja shambani, wanauliza, hapa kalala marehemu wa nani? Mimi leo nakuzika kwa wema. Kesho wajukuu zako wanachoka na maji, wanakuja wanasema bibi yetu yuko hapa, kwa hiyo hapa ni kwetu. Wajukuu zangu watajibu nini?"

Masatu alicheka. Hakuwa anadharau, kwake lilikuwa jambo lisilowezekana. "Kaka, sisi shamba tulifanyie nini? Mimi hata jembe sijui linashikwa upande gani."

"Wewe hujui," Majura akasema. "Mwanao je?"

Nilimchukia Majura pale pale. Ubaya ni kwamba nilimwelewa, na nadhani ndani ya chumba kile, upande wetu, nilikuwa peke yangu. Kwetu Bunda pia kaburi ndiyo hati. Nilishawahi kuona ndugu wawili wakifukuzana na mapanga kwa sababu ya babu aliyezikwa upande usiofaa wa njia. Watu wa boti walimsikiliza Majura kama mtu anayeogopa kuibiwa mvua. Na leo, nikiwa nimekaa hapa, mwanangu huyo wa kwanza ana viwanja Bunda na Butiama, anajua hati na mipaka kuliko anavyojua majina ya samaki, na katika msiba wa baba yake nilimsikia akimwambia mdogo wake kwamba kama bibi amezikwa shambani kwa watu, lile shamba lina historia yetu. Alisema kwa nia njema kabisa. Nilimkumbuka Majura na birika lake.

Tulirudi kwenye boti. Mimi nikajitia ujasiri, nikamwambia mama mkwe kwamba baba yangu ana shamba kubwa, hatanyima nafasi ya mtu mmoja. Nyanjige alicheka mpaka akakohoa. "Nikalale kwa wakwe zangu? Nitajifunikaje uso huko chini?" Nikacheka na mimi, ingawa nilikuwa nataka kulia.

Hali yake ilibadilika baada ya siku chache, tukampandisha lori la mahindi kumpeleka hospitali Butiama. Mimi ndiye niliyekaa naye. Alikuwa hajawahi kulala kwenye kitu kisichotikisika, na mchana wa kwanza aligeuka huku na huku mpaka wagonjwa wenzake wakachoka. "Hiki kitanda kimekufa," aliniambia. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye magurudumu yaliyolegea, kwa hiyo nikakaa miguuni pake, nikaweka unyayo kwenye chuma, nikawa nakisukuma na kukivuta taratibu, nikifuata mwendo niliouzoea wa boti ikiwa imeegeshwa penye upepo mdogo. Akalala. Muuguzi mmoja alipita akasimama, akaniuliza, "Dada, unafanya nini?" Nikamwambia namlaza mama. Alitazama kidogo, akaondoka zake. Daktari alisema moyo umechoka, akatoa vidonge, akasema apumzike mahali patulivu asiwe na mawazo. Nikamwambia nitajitahidi, na nilijua hata yeye hakuamini.

Kosa lilitokea kabla hatujarudi. Watu wa boti wana desturi kwamba urafiki wa udongo ukiisha, huondoki hivi hivi. Unaurudisha udongo. Unakwenda asubuhi, unang'oa kwa mkono wako mimea uliyopanda, unaipeleka ziwani unaosha mizizi ili udongo wa watu usiondoke na wewe, kisha unaiweka mlangoni kwa mwenyewe. Ni adabu kubwa. Masatu na kaka yake Mtaki walikaa wakashauriana kwamba kama wataurudisha udongo kwa heshima namna ile, Majura ataona ni watu wa aina gani, na huenda moyo ukamlainika. Mimi nilikuwa sijarudi bado kutoka Butiama. Ningekuwepo ningewashika miguu. Kwa watu wa Mugango, kama ilivyo kwa watu wote wa Mara wanaolima, mnyaa ndiyo mpaka, na mtu anayeng'oa mnyaa asubuhi mapema kwenye shamba la mwenzake ametangaza vita. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda kisimani aliwaona, akapiga yowe. Watu walitoka na marungu, na waliwakuta wale wawili wamesimama majini mpaka magotini, wanaosha mizizi, wanawatabasamia. Masatu alipigwa rungu la bega. Bega lile halikukaa sawa tena maisha yake yote, na nguo zake zote nilizoshona baadaye nilishona nikilifikiria.

Tuliporudi kutoka Butiama, baraza lilikaa kwenye banda la kupimia samaki, mwenyekiti wa kijiji amekaa juu ya kreti. Majura aliulizwa kama anadai chochote, akasema hadai, anataka amani tu. Masatu alieleza kuhusu mizizi na udongo, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mtu anaosha mizizi ya mpaka halafu anasema ni heshima?" Uamuzi ulikuwa kwamba boti zetu ziondoke ufukoni Mugango na zisiegeshe tena mpaka mambo yapoe, na suala la kaburi lisitajwe tena. Nyanjige alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, miguu imevimba, anasikiliza kila neno. Walipomaliza aliomba jambo moja. Alisema kabla hajaondoka anataka kunywa uji katika jiko la marehemu rafiki yake, yeye na mkamwana wake tu, kwa sababu hakuwahi kumlilia. Mwenyekiti akamtazama Majura. Majura akakubali.

Jiko la Wegesa lilikuwa limebaki kama alivyoliacha. Kuta nyeusi kwa moshi, vibuyu juu ya kichanja, kigoda chake karibu na mafiga. Ester alipika uji wa ulezi, na Majura akakaa kwenye kigoda cha mama yake, amejikunja kwa sababu kilikuwa kifupi mno kwake. Nyanjige alimlilia rafiki yake kwanza, kwa sauti, kama inavyopasa. Kisha akajifuta uso kwa khanga, akanywa uji, akasema.

"Majura, uliyosema siku ile ni kweli. Nimefikiri. Sasa sikia na mimi. Nizike bila alama. Usiweke jiwe, usiweke msalaba, usiinue tuta. Sawazisha, halafu panda mhogo juu yangu."

Ester aliweka bakuli chini. "Mama, mhogo huo ataula nani?"

"Basi pandeni pamba. Pamba hailiwi." Alinitazama mimi. "Huyu wa Bunda atawafundisha."

Majura hakucheka. "Na watoto wako? Wakijua walipokuzika, alama ya nini tena? Wanatembea tu wanahesabu hatua."

"Hawatajua. Mafuru hatajua, Masatu hatajua, Mtaki hatajua. Atajua huyu." Akanishika goti. "Huyu ni mwanamke, tena wa kuja. Hata akisimama baraza gani, nani atampa shamba lako?"

Nitasema ukweli, nilikasirika. Kuna sifa nyingi ambazo mkamwana angependa kutajiwa na mama mkwe wake, na kutofaa kurithi si mojawapo. Lakini zama zile ilikuwa kweli kabisa, na Nyanjige alikuwa ametafuta kitu kisicho na thamani barazani akakipata ndani ya boti yake mwenyewe.

"Mama," Majura akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "huku kwetu mtu asiye na alama ametupwa."

"Kwenu. Sisi alama hatuna hata tulikozaliwa. Mimi natafuta mtu. Mmoja wa kujua niko wapi, na mmoja wa kukubali kwamba nipo. Mama yako alikuwa vyote viwili. Sasa nawaomba nyie wawili mgawane kazi yake."

Majura aliutazama uji wake mpaka ukaganda juu. Akainuka, akatoka nje, tukasikia hatua zake zikienda mbali, zikisimama, zikienda tena. Ester alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilimtazama Nyanjige, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Majura aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Njooni." Tukamfuata taratibu, mimi nimemshika mgonjwa, mpaka mahali ambapo hapakuwa pale pa zamani. Akavua kiatu. Akaweka unyayo wake chini, akaukandamiza.

"Wako ni hapa," alisema.

Nyanjige aliinama akashika udongo ule kwa mkono mzima. Nililia mimi; yeye alikuwa na furaha, waziwazi, kama mtu aliyepata chumba katika mji uliojaa.

Alifariki kabla ya mvua, asubuhi, tumeegesha kwenye kisiwa kilichokuwa kinatazamana na Mugango, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameshawaambia wanawe mpango wake, na hawakuupenda. Mtaki alipiga mbao ngumi. Masatu aliniuliza mara moja tu kama kweli hakuna njia nyingine, na nilipomwambia hakuna, alikwenda kukaa mbele ya boti, mahali pangu, akatazama maji. Tulimvusha siku ya ibada, saa ambayo watu wa Mugango walikuwa kanisani na nyimbo zao zinasikika mpaka ufukoni. Majura alikuwa ameshachimba mwenyewe, na hakuna anayemuuliza mtu anayechimba katika shamba lake. Mzee Mafuru aliomba juu ya boti, maneno machache. Kisha akageuka, hakugonga kafi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na mimi nilisahau kujifunika. Akasema, "Mkamwana, nipelekee mwenzangu." Masatu na Mtaki wakamshusha mama yao akiwa amefungwa kwenye tanga, wakamlaza mchangani miguuni pa Majura, wakarudi botini. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Walipiga kafi kuelekea katikati ya ziwa, migongo yao imetugeukia, bega la Masatu likipanda na kushuka vibaya, na hawakusimama mpaka walipokuwa mbali kiasi cha kutoweza kutofautisha mtu na kichaka. Ndipo Majura, Ester na mimi tukambeba. Tukamzika, tukasawazisha, tukapanda tulichopanda.

Miaka iliyofuata nilipeleka samaki wa kwanza mimi. Masatu alibaki botini. Nikirudi aliniuliza neno moja tu, "Yuko?" na mimi nikamjibu, "Yuko." Baadaye magugu maji yalifunga mdomo wa mto, watoto wakahitaji shule, boti zikauzwa moja moja, tukapanga chumba Nyakato kisha tukajenga. Nilikuwa nakwenda Mugango kwa basi, nimebeba samaki niliyemnunua sokoni kwa watu wengine, jambo lililokuwa linanitia aibu, na nikirudi Masatu alikuwa barazani akifuma wavu ambao hakuna aliyeuagiza. "Yuko?" Yuko. Majura na Ester wakafariki, nikaendelea kwenda.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, Masatu aliniambia nimpeleke makaburi ya manispaa na nisiwaambie watoto lolote. "Huko hakuna mtu wa kudai," alisema. Nikamwambia sawa. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba yeye alijua mama yake alipo tangu mwaka ule ule.

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Wewe. Kila tukipita Mugango ulikuwaga unaangalia ufuko wote. Kuna mahali pamoja ulikuwa hupaangaliagi kabisa. Mimi ndiyo nikawa napaangalia."

Nilimtazama mtu niliyelala naye maisha yangu yote, na hasira ikanipanda, na machozi yakaipita hasira njiani. Nikamwambia kama alijua, kwa nini alinisumbua miaka yote hiyo na swali lile.

"Mama aliomba mtu wa kujua aliko," alisema. "Nilikuwa nahakikisha kama bado anaye."

Nikamfunika bega, nikamwambia anaye.